Kimya Kilichotoka Juani

Mgeni alifika Alhamisi mchana, wakati Mwanahamisi alikuwa anaanika mihogo mbele ya nyumba. Alibeba sanduku la mbao kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Viatu vyake vilijaa vumbi jekundu. Hakuna aliyekuwa akimngojea.

"Hodi hapa."

Mwanahamisi hakusema karibu. Aliweka ungo chini, akasimama katikati ya mlango.

"Walisema tutoke kesho kutwa," alisema. "Leo haiko kesho kutwa. Rudi, uwaambie vile. Na kama ile sanduku njo ya kuwekea vyombo vyangu, ni ndogo. Miye niko na sufuria sita."

"Hapana, mama. Sikutumwa kufukuza muntu," mgeni alijibu. "Ninamutafuta baba Masudi, yule wa mashini ya TSF."

Watu wa Kindu waliita TSF ile redio inayopeleka habari mbali bila waya. Masudi Ramazani, mume wa Mwanahamisi, alifanya kazi hiyo miaka minne katika depo ya kampuni moja ya madini. Aliweka vyuma vya kusikilizia masikioni, akagonga kitufe: fupi, ndefu, fupi. Kambi ya kampuni iliyokuwa upande wa Kampene ilimsikia na kumjibu. Kwa kazi hiyo alipewa nyumba ya matofali. Ulikuwa mwaka 1958, na Wabelgiji bado walitawala Kongo.

Jumanne ya juma lile direkteri, Mzungu aliyesimamia depo, alimfukuza Masudi kazi. Alipewa siku nne za kutoka katika nyumba. Tangu hapo hakutoka hata kwenda msikitini. Watu walikuwa wanasema njiani kwamba alilala kazini, na mtu mmoja ameumia.

Sasa alitoka chumbani, macho mekundu.

"Kama umetoka kwa direkteri," alisema, "mwambie sikulala."

"Najua haukulala," mgeni alisema. "Njo maana nimekuja."

Masudi alimwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku mbili kusikia maneno hayo kutoka kwa mtu asiye wa nyumba yake. Akavuta kiti.

"Kaa, ndugu. Mwavita! Lete maji."

Mwavita, binti yao, alileta maji. Mgeni alikunywa, akajitaja. Jina lake lilikuwa Godefroid Mugaruka. Alitoka Kivu, na alifanya kazi na wachunguzi wanaopima sumaku ya dunia. Mwaka ule wachunguzi wa nchi nyingi walikuwa wamepatana kuliangalia jua na dunia kwa wakati mmoja.

"Asubuhi nilienda depo," alisema. "Nilitaka kuona kitabu cha redio, kile munachoandika kama sauti zinafika ao hapana. Karani Jacques alinionyesha kitabu, kisha akanileta mpaka hapa."

Jacques alikuwa amesimama nje, karibu na ukuta, kofia mkononi. Hakutaka kuingia.

"Nieleze Jumanne ilikuwaje," Godefroid alisema.

Masudi alieleza. Asubuhi ya Jumanne kapita, msimamizi wa barabara, alileta habari kwamba mvua imevunja daraja la miti kwenye njia ya Kampene. Daraja hilo liko porini, hakuna kijiji karibu. Direkteri akamwandikia Masudi karatasi: malori yasitoke kambini.

"Nikagonga. Hakuna jibu. Nikagonga tena. Masikioni nilisikia kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Nikaenda kwa direkteri. Nikamwambia, Bwana, mashini haisikii, tutume muntu na baiskeli. Avuke mto kwa mtumbwi, asimame ng'ambo, azuie malori."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akasema mashini ni mupya, imetoka Ulaya mwaka jana. Kitu kibovu ni ule anayeigonga. 'Rudi, ugonge!' Nikagonga mpaka kidole kikavimba. Ona."

Jioni lori lilitoka Kampene chini ya mvua kubwa. Dereva, kijana anayeitwa Louis, hakuona kwamba daraja limevunjika. Lori likatumbukia. Vibarua waliopanda nyuma waliruka, wakamtoa Louis mtoni akiwa hai, lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili. Usiku uleule direkteri aliandika katika barua yake: Masudi alilala.

"Baiskeli moja!" Mwanahamisi alipaza sauti. "Ilikuwa imeegemea ukuta wa depo, na upepo ndani ya magurudumu! Muntu anasema kweli, anaomba baiskeli moja, anachekwa. Kisha mutoto wa wenyewe anavunjika mguu, na anayefukuzwa ni nani? Ni ule aliyesema kweli!"

"Punguza sauti, mama Mwavita. Majirani."

"Wasikie! Masikio yao yanafanya kazi. Si kama ya direkteri."

Godefroid alifungua sanduku. Ndani kulikuwa na sindano ya sumaku, imening'inia kwa uzi mwembamba kama unywele. Kioo kidogo kilikuwa kimebandikwa juu yake. Taa ilipiga mwanga kwenye kioo, na kioo kiliurudisha mwanga kwenye kipimo chenye mistari. Sindano ikigeuka kidogo sana, alama ya mwanga inasogea, na Godefroid anaandika.

"Dunia yenyewe ni sumaku kubwa," alisema. "Nguvu yake haiishii kwenye udongo. Inapanda, inapita hewa, inazunguka dunia yote mbali sana. Sindano hii inaisikia. Tangu Ijumaa nilikuwa Kibombo na sanduku hili. Jumatatu saa kumi na mbili jioni sindano iliruka ghafla. Hakuna muntu aliyeigusa. Kisha ikatetemeka usiku kucha, na Jumanne mchana kutwa. Ilitulia Jumatano."

"Jumanne," Masudi alinong'ona.

"Jumanne. Siku ya kimya chako."

"Nani anatikisa sumaku ya dunia?" Mwanahamisi aliuliza. Alikuwa amekaa sasa, na alikuwa amesahau mihogo yake.

Godefroid alimgeukia.

"Mama, unafua nguo mtoni?"

"Kwani wewe nguo zako unafulia wapi?"

"Meli ikija katikati ya mto, unafanya nini?"

"Inapiga honi. Nikisikia honi, ninatoa nguo na sufuria majini mbio. Sababu honi inafika kwanza. Wimbi linakuja nyuma yake. Likifika linatikisa mitumbwi yote iliyofungwa, na linabeba vyombo vya muntu asiyesikia. Sufuria ya jirani Adolphine ilienda na mto mpaka Lokandu!"

Mwavita alicheka. Hata Masudi alitabasamu.

"Basi jua njo ile meli," Godefroid alisema. "Kila siku linatoa upepo. Si upepo huu wa kutikisa majani. Ni chembe ndogo sana zenye umeme, zinakimbia kuja huku. Sumaku ya dunia inazizuia, zinapita pembeni, kama maji ya Lualaba yanavyopita pembeni ya jiwe. Siku nyingi upepo huo ni wa kawaida, na sisi hatusikii kitu. Lakini mara nyingine jua linalipuka. Kwanza unatoka mwanga mukali ambao jicho haliuoni. Unafika kwa dakika nane tu. Ile njo honi. Kisha upepo wenye nguvu unakuja nyuma. Unachukua siku moja, mbili, hata tatu. Ukifika unagonga sumaku ya dunia kwa ghafla, unaiminya, unaitikisa. Ile njo wimbi."

"Na mashini yangu?" Masudi aliuliza.

"Sauti ya TSF inapanda juu, inagonga tabaka la hewa yenye umeme, inarudi chini Kampene. Kama mupira unaogonga ukuta. Ule mwanga wa kwanza unafanya sauti imezwe kabla ya kufika ukutani. Kwa saa moja hivi, mchana tu. Wimbi likija baadaye, ukuta wenyewe unavurugika. Sauti inapotea siku nzima. Hata direkteri akigonga kwa mikono yake miwili, Kampene haitasikia."

Mwanahamisi alipiga makofi mara moja.

"Baba Mwavita! Si uliniambia Jumapili mchana sauti zilikatika, kama muntu amefunga mulango? Kisha zikarudi? Ile ilikuwa honi!"

Masudi aliangalia sakafu.

Godefroid alitoa daftari mfukoni. Sauti yake ilishuka.

"Jumapili saa saba sindano yangu iliruka kidogo. Nilijua honi imepiga. Lakini katika kitabu chako, Jumapili saa saba, umeandika 'sawa'. Mwaka jana mwezi wa tisa, sumaku ilivurugika siku nyingi. Wewe umeandika 'sawa', 'sawa', 'sawa'. Miezi yote, sawa. Kimya cha kwanza katika kitabu kizima ni cha Jumanne. Baba Mwavita, sindano yangu haijui kuongopa."

Mwanahamisi alimgeukia mume wake.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Masudi alisema. "Wote tunaandika vile. Aliyekuwa mbele yangu aliandika vile. Ukiandika 'kimya', direkteri anakufanya usafishe vyoo vya depo mbele ya wafanyakazi wote, na vyuma vya TSF shingoni, watu wacheke. Nilifanyiwa mara mbili. Mara ya tatu Jacques akaniambia, andika 'sawa', utagonga ile habari kesho. Nikaandika. Siku zote habari ilikuwa ndogo. Jumanne ilikuwa kubwa, nikaogopa kuongopa. Nikaandika kweli."

"Na kweli yako ikakosa ndugu," Godefroid alisema. "Direkteri anasema: miezi yote mashini haikunyamaza, juu ya nini inyamaze siku ile tu? Kama ungeandika kimya cha mwezi wa tisa na cha Jumapili, leo kitabu kingekutetea."

Mwanahamisi aliinuka tena, na safari hii hasira yake ilikwenda pande mbili.

"Wewe ulikosea," alimwambia mume wake. "Usiniangalie vile, ulikosea. Lakini huyu muzungu naye! Anataka muntu mweusi atoe ahadi kwa niaba ya jua! Anamwaibisha muntu anayesema kweli, kisha anashangaa kuona kitabu kimejaa uongo. Uongo ule aliupanda yeye!"

"Kesho nitaenda kwake na karatasi zangu," Godefroid alisema. "Nina barua ya mukubwa wangu, hawezi kunifukuza mlangoni. Lakini atafungua kurasa za nyuma. Ataniuliza juu ya ile 'sawa'. Mimi siwezi kujibu. Wewe njo unaweza."

Jacques aliingia ndani kwa haraka, akikunja kofia yake vidoleni.

"Ndugu Masudi, usiseme! Sema haujui. Sema ulisahau. Ukisema tuliandika uongo, utafukuzwa mara mbili, na mimi nyuma yako."

"Muntu anafukuzwa mara mbili namna gani?" Mwanahamisi aliuliza. "Wewe Jacques, mguu wa Louis umevunjika mara ngapi?"

Jacques alirudi nyuma mpaka mlangoni.

Masudi aliinua kichwa, akasema, "Nitakuja. Sitamtaja Jacques. Nitasema mkono wangu tu."

Godefroid alifunga sanduku lake taratibu.

"Ninaomba tena kitu kimoja kidogo," alisema. "Hata kesho iende namna gani, mwisho wa kila mwezi nitumie saa za kimya cha redio ya Kindu. Za kweli. Zipande treni ya kwanza. Hesabu za nchi zote zinakutanishwa kwa tarehe moja. Karatasi ikichelewa, haina kazi tena."

"Hata kama sitakaa tena kwenye mashini?"

"Hata vile."

"Naahidi," Masudi alisema.

Ijumaa saa mbili asubuhi walisimama mbele ya meza ya direkteri. Hawakupewa viti. Direkteri aliangalia mistari ya sindano kwa muda. Aliisoma barua ya mkubwa wa Godefroid, akaisoma tena. Kisha akafungua kitabu cha redio, kama Godefroid alivyosema.

"Jua, jua!" alisema. "Na mwezi ya tisa? Hapa iko 'sawa'. Jua ilikuwa likizo?"

"Hapana, Bwana," Masudi alisema. "Mwezi wa tisa kulikuwa na kimya siku saba. Mimi niliandika uongo."

Direkteri alisimama. "Wewe iko muntu ya uongo!"

"Ndiyo, Bwana." Masudi alimtazama usoni. "Niliposema kweli ulinipeleka vyooni. Nilipoongopa uliniita mufanyakazi muzuri. Jumanne nilisema kweli tena, nikaomba baiskeli, ukacheka. Louis alikuwa bado kambini wakati ule. Uongo wangu ni mubaya, ninaukubali. Lakini siku ile haukuvunja mguu wa muntu. Kicheko chako kiliuvunja."

Jacques, aliyekuwa chumba cha pili, aliacha kuandika.

Uso wa direkteri ukawa mwekundu kama udongo wa barabara. Alifungua mdomo. Godefroid aliinua daftari lake na kusema kwa upole kwamba ripoti ya sumaku itapigwa chapa Ulaya, na saa za Kindu zitakuwamo, na mkubwa wake atataka kujua kwa nini kituo kimoja hakikuwa na kimya mwaka mzima.

Direkteri akakaa chini. Hakuomba radhi. Watu wa namna yake hawakuomba radhi kwa watu wa namna ya Masudi. Lakini alichukua ile barua iliyosema Masudi alilala, akaichana. Familia ingebaki katika nyumba. Masudi hangeigusa tena mashini, kwa sababu ya uongo wa kitabuni. Angebeba magunia katika ghala. Na yeyote atakayeandika 'kimya' hataadhibiwa tena.

Masudi na Godefroid waliandika karatasi, ikabandikwa ukutani katika chumba cha redio. Ilisema: Sauti zikikatika ghafla mchana, andika saa, usiogope. Usivunjevunje mashini ukitafuta ubovu. Siku tatu zinazofuata usiiamini redio kwa jambo la hatari. Tuma mtu.

Miaka iliyofuata wachunguzi walijua zaidi. Walipeleka vyombo nje kabisa, wakaupima upepo wa jua. Walikuta kwamba upepo huo unabeba usumaku wake wenyewe. Usumaku huo ukielekea upande mmoja na ule wa dunia, dunia inajikinga vizuri. Ukielekea kinyume, kinga inafunguka kama mlango, nguvu nyingi inaingia, na mtikisiko unakuwa mkubwa. Mwaka ule wa 1958 Godefroid hakulijua jambo hilo. Lakini alichokijua kilitosha kwa watu wa njia ya Kampene.

Kilitosha kwa sababu wiki tano baadaye, saa sita mchana, sauti zilikatika. Aliyekuwa kwenye mashini ni kijana mpya, Michel. Aliandika 'kimya' kwa herufi kubwa, akakimbia kwa direkteri. Direkteri hakucheka. Siku ileile mwendesha baiskeli alitumwa kambini: malori yasimame kwenye kila kivuko, na dereva ashuke aangalie kwa macho yake. Kesho yake jioni wimbi la jua lilifika, na redio ikawa mchanga mtupu. Usiku ule mvua ilikata kamba ya kivuko kimoja. Lori lililobeba wanawake na watoto wa wafanyakazi lilisimama kando ya mto, dereva akashuka, akaangalia. Asubuhi wote walirudi kambini, wamelowa na wanalalamika njaa. Hakuna aliyeumia.

Michel alimpa Masudi saa zote za kimya. Masudi aliziandika kwa mwandiko safi, akaweka barua ndani ya shati.

Siku ya mwisho ya mwezi iliangukia siku ya posho, siku ambayo kampuni iligawa mchele na samaki wa chumvi wa wiki nzima. Masudi alikuwa wa nne katika mstari. Mgongo ulimuuma kwa magunia. Alitaka kupeleka barua jioni, treni ikiondoka. Mara filimbi ililia stesheni. Treni ilikuwa inaondoka mapema siku ile.

"Kapita, nishikie nafasi yangu," alimwambia msimamizi wa posho.

"Hakuna nafasi ya kushikiwa," kapita alijibu. "Ukitoka, utarudi mwisho. Na samaki, unawaona mwenyewe, ni wachache."

Masudi aliangalia kikapu. Kisha akatoka katika mstari, akakimbia. Alifika wakati mtu wa posta anafunga mlango wa behewa, akamkabidhi barua mkononi.

Aliporudi, mchele ulikuwa umebaki chini ya gunia, umechanganyika na mawe. Kikapu kilikuwa kitupu.

Nyumbani Mwanahamisi alifungua mfuko, akaingiza mkono mpaka chini.

"Samaki?"

"Wameisha."

"Barua?"

"Imeenda."

Mwanahamisi alimwangalia, akatikisa kichwa, akaanza kuchagua mawe katika mchele.

"Mwavita," aliita, "nenda ukachume sombe kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Chuma nyingi. Baba yako alikimbia sana leo."